Habari Isiyokuwa ya Kinyozi

Kinyozi huyu walimwita Redio, na wala hakukasirika. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, mashine mbili za kunyolea na benchi la wanaosubiri. Nusu ya waliokaa kwenye benchi hilo hawakuwa na nywele za kunyoa, walifuata habari. Nani kahama, nani kaposa, nani kafumaniwa, Redio alijua kabla wenyewe hawajajua vizuri. Kisa kikinoga alizima mashine akaanza kuelekezea nayo, na mteja akabaki kanyolewa upande mmoja mpaka kisa kiishe. Hakuwa mbaya wa moyo, maskini. Ni ule mdomo tu, Mungu alisahau kuutilia komeo.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye hospitali ilimchagua awe mtunza siri.

Mkewe, fundi wa mapazia, alikuwa amekuta uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya harage, wala hauumi. Walikwenda hospitali pamoja, kikachukuliwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Siku ya majibu, daktari, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimtazama mama, akamtazama baba, akasema, "Mama, tusubirie hapo nje kidogo. Mzee, wewe baki."

Mlango ukafungwa. Daktari akaeleza haraka haraka, maana foleni ilikuwa imefika getini. Ni saratani. Imewahiwa, lakini isicheleweshwe. Alhamisi ya wiki ijayo waje kupanga upasuaji. "Mama tusimshtue," akamalizia. "Wewe mwenzake utajua namna ya kumwandaa polepole."

Redio alikuwa na maswali kumi, hakujua aanze na lipi. Alipochagua la kwanza, mgonjwa mwingine alikwisha kuingia. Kwenye korido alimwuliza muuguzi kama titi litaondolewa lote. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba hilo amwulize daktari. Daktari naye, kupitia upenyo wa mlango, akasema hayo yote mgonjwa ataelezwa wodini. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayeeleza, na hakuna aliyekuwa mwongo. Ukutani palikuwa na bango zuri la rangi linaloonyesha namna ya kujipima matiti. La kumwambia aliyekwisha kupimwa afanye nini, halikuwepo.

"Kasemaje?" mkewe akamwuliza.

"Kasema... ni uvimbe. Wataendelea kuuangalia. Turudi Alhamisi ijayo."

"Basi uvimbe utasubiri," mkewe akasema, akijifunga kitambaa chake vizuri. "Jumatano nasafiri kwa binti yako. Anajifungua mtoto wa kwanza, nani atamsaidia? Nitakaa naye miezi mitatu. Nikirudi ndiyo tutautazama huo uvimbe wao."

Hapo Redio alitakiwa aseme. Badala yake akauliza basi litaondoka saa ngapi.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu pale kibandani. Redio alinyoa kimya. Vichwa vilitoka vimelingana pande zote, foleni ikaenda upesi, na wateja hawakupenda hata kidogo. "Umeninyoa vizuri sana leo," mzee mmoja fundi viatu alimwambia kwa wasiwasi. "Una nini?" Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtaa mzima ukaanza kusikilizia mshindo huo utatokea wapi.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alikuwa amezoea miaka yote kula chakula cha jioni kwa hadithi za watu wengine. Sasa mume alikula akimtazama, halafu akiangaliwa anatazama sahani. Alianza kumbebea ndoo ya maji. Jumatatu alimnunulia viatu vilivyo wazi mbele, bila sikukuu, bila kosa. Mwanamke yeyote mwenye akili timamu angejua kuna jambo, na huyu alikuwa na akili za kutosha watu wawili, kitu ambacho kilikuwa kimeiokoa ndoa ile mara nyingi.

Jumanne mchana, begi la safari likiwa limeshafungwa, akaenda kibandani. Akawaomba radhi watu wa benchi na mteja aliyekuwa akinyolewa, wakatoka. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akamtazama mumewe kupitia kioo.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyekufunga mdomo. Miaka yote mimi nimeshindwa, yeye kaweza kwa wiki moja. Nataka kumjua."

Redio alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Alikaa kwenye benchi la wateja, mashine bado ikinguruma mkononi. "Mwanamke ni wewe," akasema. "Daktari alisema ni saratani. Akasema nikuandae polepole. Mimi sijui polepole ikoje, mama watoto. Sijawahi kuifanya."

Mkewe alinyoosha mkono akaichukua ile mashine, akaizima.

"Umejua tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

"Titi langu, habari wakapewa wewe." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Kesho ningepanda basi. Ungenizuia kwa kitu gani? Kwa viatu?"

Redio alimpenda mwanamke huyu kupita maelezo, na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa karibu amwache aondoke na ugonjwa wake begani kama mzigo wa mtu mwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema. Lakini methali haikusema lolote kuhusu mtu aliyefichiwa yake mwenyewe. Mkewe alilia kidogo, akajifuta kwa taulo la kunyolea, akalaani nywele zilizomwingia machoni. Kisha akampigia simu binti, akamwambia safari imeahirishwa na sababu yake, yote, bila kupunguza neno.

Alhamisi daktari alianza tena kumweleza Redio. Fundi wa mapazia akagonga meza taratibu kwa kidole.

"Daktari, huku. Mgonjwa ni mimi."

Daktari akageuza kiti. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu. "Samahani, mama. Wagonjwa wengi hawapendi kujua."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Basi leo niulize."

Akamwuliza, na mama akataka kujua yote. Titi lote au kipande? Lote. Mkono huu utainua tena jora la kitambaa? Utainua, kwa mazoezi na uvumilivu. Binti zake nao wapimwe? Ndiyo, na asingoje mwingine awaambie. Mwisho akauliza lile ambalo mumewe asingethubutu hata ndotoni. "Ningekuja baada ya miezi mitatu, ningekuta nini?"

Daktari alitafuta maneno laini, akayakosa. "Huenda nisingekuwa na cha kukata, mama. Ugonjwa ungekuwa umesambaa."

Redio alitoka nje, akasimama mbele ya lile bango la rangi bila kuona chochote mpaka alipoitwa.

Upasuaji ukafanyika. Majibu ya vilivyotolewa yalipokuja, daktari alisimama mlangoni mwa wodi na, kwa mazoea, akamwita Redio kwa kidole. Redio hakuinuka. Maisha yake yote alikuwa amependa kuwa wa kwanza kupata habari, na hii aliitaka kuliko zote, lakini alibaki pale pale kwenye stuli.

"Njoo hapa, daktari," akasema. "Mwenye habari yuko kitandani."

Daktari akaja, akavuta stuli nyingine, akasema na mama, uso kwa uso. Tezi za kwapani zimekutwa safi. Dripu za dawa bado zipo, zitamchosha, na nywele zitaanguka kabla ya kurudi. Wakasikia wote wawili kwa pamoja.

"Zitaanza kuanguka lini?" mama akauliza.

"Wiki ya pili au ya tatu."

Akafikiri kidogo, kisha akamgeukia mumewe. "Basi utaninyoa wiki ya kwanza. Sitaki ziniache, nataka niziache mimi."

Redio aliinama akaushika mkono wake kwa nguvu zote, mpaka mkewe akamkumbusha kwamba huo ndio wa upande wenye mshono.