Kaseti Niliyoahidi Kuifuta

Redio kaseti yangu niliipata kwa mbuzi wawili. Aliyenipa alikuwa fundi wa visima aliyekuwa anarudi kwao, na nadhani wakati ule alihitaji nyama kuliko muziki. Ilikuwa miaka ya shida. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tukafulia nguo kwa majani ya mpapai, na mtu mwenye kipande cha sabuni alikificha kama bangi. Katika hali hiyo mimi, kijana wa kidato cha nne na karani wa ghala la mahindi, nikawa mtu pekee kijijini kwetu Nangara mwenye mashine ya kukamata sauti.

Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa barua. Watu wengi wa kwetu walikuwa na waume au watoto kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na wengi hawakujua kuandika. Walikuja jioni, wakakaa kwenye kigoda, wakaniambia mambo ya ndani ya nyumba zao huku wakitazama sakafu. Mashine ilipokuja, wakaihamia mara moja. Sababu yao ilikuwa ya maana: mashine haiulizi kitu, inasikia tu. Nami nikaweka utaratibu. Mteja akiingia, namwekea kaseti, nabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, natoka nje na jembe langu. Nalima bustani ya mchicha mpaka aniite. Mchicha wangu ulipaliliwa mwaka ule kuliko shamba lolote la Babati, na watu waliniamini kwa sababu ya mchicha ule.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba wakishaondoka nilikuwa nasikiliza.

Mwanzo nilijiambia nahakikisha kama sauti imeingia. Baada ya wiki mbili sikujiambia kitu tena. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kigoda kile kile, nikasikiliza majirani zangu. Nilijua nani kaiba ng'ombe wa nani, na nani hakuwa na homa siku ile ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Nikikutana nao njiani nasalimia, "Shikamoo mama," naye anaitika, "Marahaba mwanangu," na mimi najua ya mwaka mzima.

Kaseti zilikuwa tatu tu. Duka la ushirika halikuwa na chumvi, sembuse kaseti. Kwa hiyo zilisafiri. Kaseti inakwenda Tanga na dereva wa lori, mume anajibu upande wa pili, inarudi, mke anasikiliza, kisha mtu mwingine anazungumza juu yake. Sauti mpya inaifuta ya zamani. Lakini aliyezungumza kwa muda mfupi hafuti yote. Mkia wa mwenzake unabaki. Bibi mmoja aliwahi kunijia analia, akisema mwanawe wa Tanga amerukwa na akili: ameanza na salamu, katikati akaanza kutaja bei ya dume la nguruwe kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Nilimweleza. Hakuniamini, akaenda kwa katekista kumwombea.

Betri nazo zilikuwa shida. Tulizianika juani juu ya bati, tukazigeuza kama ubuyu. Zikiwa dhaifu, mashine inazunguka polepole. Na ukija kusikiliza kwa betri nzima, sauti inakimbia na kuwa nyembamba. Mzee mmoja mwenye kifua kama pipa alituma salamu, na huko Tanga mwanawe akajibu kwa kuuliza huyo mtoto mchanga ni wa nani.

Sasa nije kwa shemeji.

Namwita shemeji kwa sababu mumewe nilisoma naye. Aliishi kwa mama mkwe wake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na watoto wawili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, au ndivyo nilivyodhani. Alikuja kurekodi siku moja mchana, akanitazama mpaka nikachukua jembe. Alizungumza dakika thelathini, upande mzima wa kaseti. Nilipalilia hata pasipo na mchicha.

Kaseti ile ilikwenda, ikarudi na jibu. Alikuja kusikiliza, akatoka macho yakiwa mekundu lakini anacheka. Akanipa kaseti mkononi.

"Shemeji, ifute. Pande zote mbili."

"Nitaifuta leo."

"Usiseme leo halafu ikawa kesho."

"Leo, shemeji."

Kufuta kaseti hakuna njia ya mkato. Unabonyeza kana kwamba unarekodi, unaiacha izunguke kimya, nusu saa kila upande. Ni saa nzima ya betri. Nikajiambia betri hazitoshi. Watu niliowaungamia baadaye niliwaambia hivyo hivyo, na wote walinielewa, kwa kuwa kila mtu alijua shida ya betri. Lakini ukweli ni kwamba nilipenda kumsikiliza. Sikuwa na mke. Sikuwahi kusikia mwanamke akizungumza na mumewe namna ile, anamtania, anamgombeza, anamwimbia kidogo, kisha anarudi kwenye habari ya kunde. Niliisikiliza mara nne. Nikaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Mwezi haukuisha, kwaya ya parokia ikataka kurekodiwa. Kulikuwa na harusi Bonga, na mwalimu wa kwaya alitaka nyimbo zipigwe kwenye spika wakati wanakwaya wenyewe wanakula. Kaseti mbili zilikuwa Tanga. Nilishusha kopo. Niliwarekodi kwenye upande wa shemeji, nikawaza: hawa nao watafuta. Waliimba nyimbo nne, dakika ishirini. Hesabu ya ishirini kutoka thelathini mtoto wa darasa la pili anaijua. Mimi nilikuwa karani.

Harusi ilikuwa ya wakati wake. Bwana harusi alivaa viatu vya mjomba wake, na mjomba alikaa nyuma ya meza akiwa peku. Spika ilifungwa juu ya mti na kuunganishwa na mashine yangu na betri ya trekta, betri yenye nguvu kama fahali. Nyimbo zilizorekodiwa kwa betri zangu za kuanika zikatoka kama vifaranga. Besi nne za kwaya, wanaume wenye ndevu, zikalia chwi-chwi-chwi juu ya mti. Mwalimu wa kwaya aliacha sahani yake akasimama. "Hao si sisi," akasema kwa kila aliyekuwa karibu. "Jamani, hao si sisi."

Mwenye spika alikuwa amekwenda kula nyama. Nyimbo zikaisha kabla maharusi hawajafika kwenye meza ya zawadi. Spika ikakwaruza, kisha ikatoka sauti ya mtu mzima, safi, isiyokimbia, kubwa kuliko kengele ya kanisa. Kwa vile shemeji alirekodi siku ambayo betri zangu zilikuwa mpya.

"Mama yako hajambo. Mguu wake unauma siku za kulima tu. Siku ya sherehe unapona."

Watu walicheka kabla ya kujua wanamcheka nani. Nilikuwa kwenye masufuria, upande wa pili wa uwanja. Nikaanza kukimbia.

"Sabuni ameificha mchagoni. Anaoga akishafunga mlango, anatuambia ile ni harufu ya maua. Baba, sisi hatuna maua."

Mzee mmoja akanishika shati. "Kijana, kaa chini, unatuziba."

"Baba, ile kaseti—"

"Tunasikia. Ndiyo maana nakwambia kaa."

"Barua sikutaka," sauti ikaendelea. "Yule karani akiandika anatabasamu. Heri mashine, haina uso."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikakaa chini mwenyewe.

Kisha akasema lile alilokuja kulisema. Kwamba amepata mabati kumi na manne, moja moja, kwa maziwa yake na kwa vibali alivyovibembeleza. Yako Sigino kwa kaka yake, chini ya mabua. Yakifika ishirini, mume arudi wajenge chumba chao na sebule, ahame kwa mama mkwe. "Usimwambie mtu," alisema kwa Bonga nzima. "Hata nikiwa usingizini nayahesabu."

Hakuna aliyecheka tena. Bati wakati ule lilikuwa kitu cha kutaja kwa kunong'ona. Mwenye spika alifika mkono ukiwa na mfupa, akazima. Mama mkwe alikuwa ameketi mstari wa mbele, kwenye kiti cha heshima, mguu wake mzima kabisa. Shemeji alikuwa nyuma anagawa maji. Aliweka jagi chini polepole, akawachukua watoto, akaondoka kwa miguu.

Kesho yake mgambo walikwenda Sigino wakayachukua mabati yote, wakisema ni ulanguzi. Walikwenda na kwa mama mkwe, wakachukua sabuni.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nilidhani nitafungwa, na ningestahili. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa mawazo mapana. Alisema kosa si la kijana, ni la chombo kisicho na kanuni. Siri za wananchi lazima zilindwe. Kwa hiyo, kuanzia siku ile, kaseti yoyote kabla ya kwenda Tanga itasikilizwa na kamati ya watu watano, ili kuhakikisha kwamba haina siri ndani yake.

Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Na siri hizo kamati ikishazisikia?"

"Zitakuwa salama," mwenyekiti akajibu, "kwa sababu zitakuwa kwa kamati."

Watu walipiga makofi. Waliogombea kuingia kwenye kamati walikuwa wengi kuliko waliowahi kugombea kitu chochote kijijini. Kiti cha akina mama alipewa mama mkwe, maana yeye ndiye aliyeumizwa na chombo. Kamati ikahitaji ofisi yenye faragha. Kuta zilikuwepo, za stoo ya zamani kando ya barabara. Paa halikuwepo. Wakaezeka kwa yale mabati kumi na manne.

Nilikaa wiki tatu bila kumwona shemeji uso kwa uso. Siku aliyokuja, alisimama mlangoni.

"Shemeji, ulinisikiliza mara ngapi?"

Nilitaka kusema sikusikiliza hata mara moja. "Mara nne."

Akatikisa kichwa. "Basi unanijua kuliko mume wangu. Yeye alisikiliza mara moja, betri zikamwishia."

"Nisamehe."

"Sikuja kwa hilo. Weka kaseti."

"Kamati itataka kuisikiliza."

"Najua. Mama mkwe tangu asubuhi amevaa kanga mpya." Alikaa kwenye kigoda. "Weka, halafu nenda. Usiende kwenye mchicha. Nenda mbali."

Nilikwenda mpaka kisimani, nikakaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Niliporudi alikuwa ameondoka, kaseti iko juu ya meza. Mkono wangu uliifikia, sitaficha. Niliifunga kwenye gazeti, nikaenda nayo stendi, nikampa dereva wa lori mwenyewe, bila muhuri wa mtu yeyote. Kesho yake asubuhi nikachukua kaseti nyingine iliyokuwa imerudi kutoka Tanga, nikaweka mashine dirishani, nikabonyeza, nikaenda kulima.

Kamati iliketi siku iliyofuata. Niliwaambia ni kaseti ya shemeji. Mwenyekiti akafunga mlango, nikabonyeza. Jembe. Upepo. Kuku.

Dakika tano zikapita.

"Mbona haongei?" katekista akauliza.

"Anafikiri," mama mkwe akasema. "Namjua. Akitaka kusema baya hunyamaza kwanza."

Wakasogeza viti. Kuku akaanza kulia kwa makelele.

"Huyo ametaga," mwenyekiti akasema.

"Ni kuku wangu?" mama mkwe akauliza. "Ule ni mlio wa kuku wangu. Kijana, kuku wangu anataga kwako?"

Wakabishana habari ya kuku mpaka upande ukaisha. Walisikiliza dakika thelathini zote, mama mkwe akiwa ameinama kiasi cha kugusa spika kwa sikio, akingoja kutajwa. Hakutajwa. Nilimwona ameumia. Mwenyekiti akapiga muhuri kwenye karatasi, akaandika: Imesikilizwa, haina siri.

Mwezi uliofuata mume wa shemeji alikuja. Hakufika nyumbani. Aliwangoja stendi, mke na watoto wawili na godoro lililofungwa kwa kamba, wakapanda lori la mahindi. Alichosema shemeji kwenye kaseti ile sikijui mpaka leo. Sijui alisema ninyang'anywe mashine, au alimwambia mumewe aniache tu. Nilisikia baadaye kwamba walikaa kwenye kambi za mkonge miaka mingi, chumba kimoja, paa la makuti. Nyumba ya mabati ishirini haikujengwa popote.

Ofisi ile ipo. Kamati ilikufa yenyewe betri zilipokosekana kabisa, na tangu hapo jengo limekuwa duka la dawa za mifugo, kinyozi, na sasa binti mmoja anasajili laini za simu ndani yake. Mwaka juzi nilikwenda kusajili yangu. Akataka jina, akataka namba ya kitambulisho, akaniambia niweke kidole kwenye kioo chekundu.

"Bonyeza zaidi, mzee."

Nikabonyeza. Kikakataa. Akajaribu cha pili, cha tatu, mkono wa kushoto. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani ujanani.

"Nilikuwa nalima mchicha."

"Basi jembe limekula alama zako, mzee. Zimefutika zote." Alisema kwa huruma, kana kwamba nimepoteza kitu. "Kaa kidogo, upumzishe mikono, tutajaribu tena."

Nikakaa. Watu wa foleni walikuwa nyuma yangu, kila mmoja akisikia namba za mwenzake zikisomwa kwa sauti. Niliinua macho nikayatazama mabati ya paa. Yana kutu sasa, na misumari mingine imelegea, lakini yote yapo. Niliyahesabu, kumi na manne, kisha nikayahesabu tena mpaka binti aliponiita.