Punda wa Majina Mawili

Asubuhi niliyoondoka kwetu Nuu ilinukia mchanga mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimetumwa maji, na sikuwa na mpango wowote ila kwenda na kurudi. Nilipofika kwenye visima vya mtoni nikaona foleni ya mitungi haina mwisho. Nikautundika mtungi wangu kwenye uzio wa miiba, nikavuka mto mkavu, nikaendelea kutembea mpaka barabara ya Mwingi. Sikuaga mtu. Baadaye walisema nilikimbia kazi. Ni kweli, lakini kazi ile ilikuwa na chanzo chake, na chanzo chenyewe kilikuwa na masikio marefu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, baba yangu na jirani yetu, Baba Kimanzi, walikuwa na punda jike waliyemnunua pamoja. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida: leo anabeba maji ya nyumba hii, kesho ya nyumba ile. Punda yule akazaa alfajiri moja zizini kwetu, katika siku ya zamu ya akina Kimanzi. Juma halijaisha, fisi akamla. Wazee walisema mtoto wake naye atakufa tu, wasisumbuliwe. Tukamlea mimi na Kimanzi, ambaye tulikuwa rika moja, kwa maziwa ya mbuzi na chupa iliyofungwa kitambaa mdomoni. Alinukia majivu na maziwa yaliyochacha, na midomo yake ilikuwa laini kama ndani ya ganda la kunde. Mimi nilimwita Mbua, yaani mvua, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa tukiililia. Kimanzi alimwita Ndeleva, yaani dereva, maana hakukubali kuongozwa. Alitangulia mbele kama dereva wa lori. Aliitikia majina yote mawili, nasi hatukuona ubaya.

Ubaya ulianza mgongo wake ulipoweza kubeba mitungi minne. Yule wa kufa tu akapata wenyewe wawili.

"Alizaliwa zizini mwangu," baba akasema.

"Siku yangu!" akajibu Baba Kimanzi. "Kwani mke wangu akijifungulia hospitali, mtoto ni wa daktari?"

Watu sokoni walicheka, lakini nyumba zetu ziliacha kuombana chumvi. Sisi watoto tukaambukizwa. Kimanzi akinikuta na punda njiani alimwita kwa jina alilompa yeye ili ageuke, nami nikafanya vivyo hivyo siku za zamu yake, mpaka mnyama akazoea kusimama katikati ya njia akizungusha masikio, moja huku, jingine kule. Njia mbili zilimshinda fisi. Punda wetu zilimchosha kila siku ya Mungu. Mwishowe mzee wa kanisa akachoka kuwaombea wagomvi, akatoa uamuzi: Jumapili baada ya ibada punda aachiliwe katikati ya mto, mimi nisimame ng'ambo hii, Kimanzi ng'ambo ile, kila mmoja ameshika karai lake analomnyweshea. "Mnyama anamjua mwenyewe," alisema.

Ilikuwa mwaka wa ukame, na Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Sikumpa maji. Nilijiambia kwamba kiu ndiyo itakayomkumbusha karai langu la bluu. Alinifuata kutwa nzima akinigusa mgongoni kwa pua, nikajifanya sioni. Hivyo ndivyo nilivyompenda.

Jumapili watu walishuka mtoni na nguo zao za kanisani. Nilikuwa nimejaza karai nusu. Mzee akalitazama, akatikisa kichwa. "Mwaga, mwanangu. Hiyo ni hongo." Kimanzi naye akaambiwa amwage la kwake. Mchanga ukayanywa maji mara moja. Punda akaachiliwa. Alikuja kwangu kwanza, na moyo wangu ukaruka. Akaingiza pua karaini, akalamba chini, akaniangalia. Kisha akavuka kwa Kimanzi, akalamba, akamwangalia. Halafu akainua kichwa, akanusa hewa, akatoka mbio kuelekea kisima kilichokuwa na kina kuliko vyote. Alipita katikati ya uzio wa miiba, na kuta za mchanga zikaporomoka pamoja naye, zikamfukia mpaka shingoni.

Kwetu mnyama akiharibu kisima, mwenye mnyama ndiye hukichimba upya.

"Mtoe punda wako!" Baba Kimanzi akapaza sauti.

"Wangu?" baba akasema. "Si ulisema alizaliwa siku yako?"

"Na si ulisema zizini mwako?"

"Nyinyi wanaume!" mama mmoja akafoka, tayari amepiga magoti anachota mchanga kwa mikono. "Mnyama anakufa, mnatupiana koleo!"

Walipokubaliana washike kamba pamoja, mchanga ulikuwa umeshuka mara ya pili. Kimanzi alisimama kando yangu, karai limebanwa kifuani. "Juzi sikumpa maji," akaninong'oneza. Nikamwambia, "Na mimi jana." Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Kile tulichochimba sisi aliingia asiyejua. Nilimwuliza baba punda alikuwa wa nani hasa. Akaniambia niende nikachunge mbuzi.

Tangu hapo maji yalibebwa na mgongo wangu, kamba kwenye paji la uso. Nilichelewa shuleni, nikachapwa, nikaacha shule. Kisha ikaja ile asubuhi ya kuutundika mtungi. Nilifika Mukuyuni siku ya tatu, kwa malori na kwa miguu, na mjane muuza nafaka akanilaza juu ya magunia ya mbaazi. Tangu siku hiyo sijakaa mahali miaka miwili.

Juzi nilirudi Nuu. Siku hizi kuna bomba karibu na soko, na punda hunywa kwenye birika la saruji bila kuulizwa ni wa nani. Baba alishakufa, hakusalimiana na jirani yake mpaka mwisho. Nikamkuta Kimanzi, kichwa kimejaa mvi, nikamwambia twende tukamweleze baba yake ukweli wa ile kiu.

"Nimweleze nini?" akasema. "Mzee anajua ni baba yako aliyemnyima punda maji. Mwachie hilo, ndilo linalomweka hai."

"Na baba yangu je?"

"Yeye si amepumzika?"

Nilibishana naye mpaka akaniaga. Nikashuka hadi Matinyani, nikapata chumba nyuma ya duka. Mwenye nyumba alinipa ufunguo, akauliza kama nina paka au kuku, maana hapendi ugomvi wa wapangaji. Nikamwambia mimi sifugi.