Mtoto Aliyefuata Mapacha na Hoja Yangu ya Pembe Mbili

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Dagaa walikuwa wamenyeshewa kabla hawajakauka, wamevunda ufuko mzima wa ziwa, na sisi tumekaa katikati ya uvundo huo tunaandika majina ya watu. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, mitumbwi inaingia kutoka Burundi tangu asubuhi, imejaa watu wenye magodoro na kuku, na wengine mikono mitupu. Mimi nilikuwa mwalimu, binti mbichi, nafundisha shule ya Rusimbi. Shule zilikuwa zimefungwa, nikachukuliwa kuandikisha, maana mimi ni Muha wa Simbo na Kirundi nakisikia bila mkalimani.

Usicheke, lakini nilikuwa najisikia kweli. Chuoni tulifundishwa mdahalo, na humo nikajifunza hoja ya pembe mbili: unamwekea mwenzio mambo mawili, na lolote atakaloshika linamchoma. Niliwashinda wavulana kwa hoja hiyo mpaka wakawa wananikwepa. Sikujua kwamba kushinda ni jambo moja, na kujua ukweli ni jambo jingine.

Basi akaja mezani kwangu mama mmoja, Spesioza, na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi kamng'ang'ania shingoni. Nikauliza, mtoto ni wa nani? "Ni wangu." Jina lake? "Chiza."

Kalamu ikasimama. Kwetu Uha, kama ilivyo kwao Urundi, mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Chiza. Humpi jina hilo mtoto ovyo ovyo. Nikamuuliza mapacha wako wapi. Akainamisha uso. Nikamuuliza tena, akasema hakuwahi kuzaa mapacha.

Ehee! Nikajua nimempata. Nikasimama kabisa, na watu kwenye foleni wanasikia. "Ama mtoto huyu ni wako, ama si wako. Kama ni wako, basi umewatupa ndugu zake pacha na sasa unawakana, hufai kulea. Kama si wako, basi umemwiba, hufai kulea. Kwa vyovyote vile, mama, hufai!"

Spesioza hakujibu neno. Nami, Mungu anisamehe, ule ukimya wake nikauhesabu kuwa ushindi wangu. Nikaandika mtoto apelekwe kwenye turubai la watoto wasio na wenyewe, ambao kesho yake wangehamishiwa mbali, na mama apande lori la kambini. Chiza alipong'olewa shingoni mwake alilia kilio ambacho mpaka leo nikisikia mtoto analia sokoni, nageuka.

Alikuwepo pale mzee mmoja akitujazia mapipa ya maji, Mzee Bukuru, mtu wa Kasulu aliyechunga ng'ombe ujana wake wote. Naye, kama jina lake lisemavyo, ni pacha. Akaweka ndoo chini, akaja polepole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akakaa kwenye kiti cha Spesioza bila kukaribishwa.

"Mwalimu, mimi nitakujibu kwa maneno yako mwenyewe. Mtoto yule ama ni wake, ama si wake. Kama ni wake, mpe, ni mama yake. Kama si wake, basi amembeba mtoto wa mwenzie ziwa zima bila kulazimishwa na mtu, na wewe unamtafutia mlezi gani mwingine? Kwa vyovyote vile, mpe!"

Foleni ikacheka. Nikaona aibu, nikaona na hasira. Yeye hakucheka.

"Umeona?" akasema. "Nimekugeuzia pembe zako. Lakini nami sijajua chochote kuhusu yule mtoto. Nimekufunga mdomo tu, kama ulivyomfunga yule mama. Ng'ombe wa kwetu ana pembe ndefu, mjukuu wangu. Akikujia, ukiona pana nafasi katikati, pita. Hapa hapana, maana mtoto ni wako au si wako, cha tatu hakuna. Basi shika pembe moja uitikise, uone kama imekaa sawasawa. Nani amekwambia kila mtoto asiye wako umemwiba? Mimi na pacha mwenzangu tulinyonyeshwa na jirani, mama alipozidiwa. Alituiba?"

Hapo ndipo nilipousikia muungurumo wa lori.

Mwanangu, nilikimbia! Kanga inanidondoka, watu wananishangaa, nikasimama mbele ya lori lile mikono juu, dereva akanitukana tusi ambalo silirudii hapa. Nikapanda, nikamkuta Spesioza amejikunyata, nikampigia magoti. Safari hii sikumpa mawili achague. Nikamwambia tu, "Dada, niambie ilikuwaje."

Akaniambia. Upande wa pili wa mpaka, watu wakigombania mtumbwi, palikuwa na mama mwenye mapacha wadogo, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Chiza alikuwa chini, kamshika mama nguo. Mama yule akamwinua, akampa Spesioza aliyekwisha kupanda, akasema, "Mshikie Chiza, nakuja." Mtumbwi ukasukumwa, mama akabaki.

Nami nikaropoka, "Mapacha wadogo? Chiza si huwafuata mapacha?" Kumbe mama yule alikuwa amezaa mapacha mara mbili, na Chiza yuko katikati. Mimi mjuzi wa mila sikuwa nimewaza hilo.

"Mbona ulisema ni wako?"

"Ningesema si wangu, mngeniachia?"

Nilifuta nilichoandika. Nikaandika upya, kwa herufi kubwa: Chiza, mtoto wa mama wa mapacha, ameshikwa na Spesioza. Tukamtoa mtoto turubaini, wakapanda lori pamoja. Siku ya tisa ikaingia mitumbwi miwili, na mama mmoja akaja mezani kwangu, kifua kizima kitoto, mgongo mzima kitoto. Hata hakunitajia jina lake. Aliuliza tu, "Nani amemshika Chiza?"

Nikafungua daftari, nikamwonyesha kwa kidole. Mwanangu, nililia mbele za watu, mwalimu mzima.

Ndiyo maana nakuusia. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na kutunga hoja si kazi, kazi ni kuisikia ya mwenzio. Mtu akikwambia "ama uko nasi, ama u adui yetu," tafuta nafasi katikati yake, ipo, upite. Akikwambia mawili yasiyo na la tatu, shika moja uliulize: ni kweli hili linaleta lile? Ukijua kumgeuzia, mgeuzie, lakini usijidanganye kwamba umekwisha kuujua ukweli. Na siku pembe zikiwa mikononi mwako wewe, na mbele yako yuko mnyonge aliyenyamaza, ziweke chini. Muulize ilikuwaje.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mkali na sikio kali kuushinda ulimi, na kila utakayemshikia mtoto wake, akukute bado umemshika.