Jina Nililotaja Nikiwa Nimefungwa Kamba

Mwanangu, iko siku moja ya wakati wa Zaire ambayo nalala nayo na kuamka nayo. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la nne, kwa hiyo usinitafutie maneno ya vitabu. Lakini majina nitayataja. Yule aliyenitendea wema na wale waliomtendea ubaya hawawezi kuitwa wote "watu fulani".

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa magari ya machimbo huko Mutoshi. Nyumbani Kolwezi tulikaa watu wanne: mimi, kaka yangu mkubwa Mutombo, ambaye nilimwita Yaya kama ilivyo desturi yetu, mke wake, na shangazi yetu Kapinga. Huyu Kapinga ndiye alitulea tangu wazazi wetu walipokufa. Yeye mwenyewe hakuzaa. Nakuambia hilo mapema kwa sababu kwetu, mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, mwanamke mzee asiye na mtoto ndiye macho yanamwendea kwanza.

Nilikunywa lutuku, ile pombe ya mahindi na muhogo inayochemshwa kwenye pipa na kutoka nyeupe kama maji. Nilianza na glasi moja baada ya kazi, pamoja na wenzangu. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nainywa kabla ya kunawa uso. Asubuhi mikono ilitetemeka hata spana inanianguka. Nikishamwaga glasi mbili kooni, inatulia. Nikajidanganya kwamba lutuku ni dawa yangu.

Mkuu wa karakana akaniambia nikija tena nikinuka, kazi basi. Hapo Yaya akanipeleka kwa muhubiri Tshibanda, aliyekuwa na kikundi cha maombi uani kwake. Tshibanda akasema ni pepo wa pombe, na pepo huyo anatoka kwa kufunga siku tatu: chakula hapana, pombe hapana, hata maji hapana. Nikakubali, mwanangu. Nilitaka kweli kuacha.

Shangazi Kapinga peke yake alikataa.

"Kalala, acha polepole," akaniambia mbele ya watu. "Na mayi unywe. Mi niliona mutu aliacha mara moja. Haikukuwa muzuri."

Nikamjibu kwa kiburi cha ujana: "Mama, we unapenda tu nibakie mulevi?"

Watu wakaguna. Ukitaka kujua mkosaji wa kwanza, andika jina langu. Neno lile ndilo lilimfungulia mlango mbaya.

Siku ya kwanza nilitoka jasho. Siku ya pili nikatapika na usingizi ukanikimbia kabisa. Siku ya tatu asubuhi niliona siafu wanashuka ukutani, kwanza mstari mmoja, kisha ukuta mzima, wananipanda miguuni. Nikapiga kelele, nikararua shati. Wakanikamata, wakanifunga kwenye nguzo ya kibanda cha maombi uani kwa Tshibanda kwa kamba ya nailoni. Kamba ile aliileta Yaya Mutombo mwenyewe. Yaliyofuata mengine nayakumbuka, mengine niliambiwa na mke wake.

Kapinga alikuja na beseni la maji, akisukumana na watu. "Mumuache anywe! Munaua mutoto!" Mimi macho yangu yakaona siafu wanamwagika kutoka kwenye beseni lile, wengi, weusi.

Tshibanda akaniinamia. "Nani anakufwata? Taja jina!"

"Siafu!" nikalia. "Kapinga! Zinatoka kwa Kapinga!"

Mwanangu, hiyo tu. Kwa watu wale ilitosha kuliko ushahidi wa mbele ya jaji. Mgonjwa ametaja, basi imekwisha. Tshibanda akasema huyu ndiye mlozi. Yaya Mutombo, ambaye mama huyu alimbeba mgongoni, akaenda nyumbani na kutupa nje mkeka wake na sufuria zake. Akamwambia asirudi. Na mimi nimefungwa pale, naendelea kuita jina lake, wala sikujua kama namtukana au namwomba.

Saa nane mchana akafika Tata Kaumba, yaani Baba Kaumba, muuguzi mzee wa dispensari, juu ya baiskeli. Akanigusa shingo.

"Fungula hii kamba."

"Tata, iko na shetani," Yaya akasema.

"Shetani gani anawaka moto hivi? Weka mukono hapa. Mugonjwa hajakojoa tangu lini?" Kisha akamgeukia Tshibanda. "We muhubiri, leo ulikula?"

"Kidogo, asubuhi."

"Ee! Kumbe kufunga ni kwa mwenzako tu."

Watu wengine wakacheka, na mmoja aliyekuwa na kisu akakata kamba. Wakanibeba kwenye mkokoteni hadi dispensari. Kaumba akanichoma sindano ya Valium, akaniwekea vitamini na serumu, ile dripu ya maji, mkononi, akafunga pazia, akakataza kelele. Nililala. Nikiamka nalia, ananiambia jina langu, na mahali nilipo, na siku ya leo, kama mtu anayemfundisha mtoto. Siku ya nne pale dispensari siafu wakaisha.

Hapo akakaa kitandani pangu, Yaya amesimama mlangoni, akanieleza. Alisema alipokuwa kijana, anafagia wodi wakati wa Wabelgiji, hata wazungu walikuwa wanawafunga wagonjwa wa namna hii kwa mikanda ya ngozi. Walikuwa wakiwamwagia maji baridi. Daktari mmoja anampa mgonjwa kijiko cha pombe kila baada ya muda, mwingine anakataza kabisa, anasema pombe yenyewe ndiyo sumu iliyopanda kichwani. "Banabishana, na mugonjwa anakufa katikati yabo," akasema. Baadaye ikaja dawa moja ya kulaza usingizi iliyonuka vibaya, harufu yake ikaingia hadi kwenye mkate wa wauguzi. Wengi wakapona nayo. Halafu polepole waganga wa hospitali wakaelewa kwamba kinachowarusha watu hawa si pombe kuingia, ni pombe kutoka ghafla.

"We ni fundi," akaniambia, na kwetu freni ni breki, motere ni injini. "Gari iko ku mulima, freni imekamatwa, na motere inasukuma nguvu ili ishinde freni. Muaka mingi hivyo. Sasa uachilie freni mara moja. Gari itafanya nini?"

"Itaruka, Tata."

"Ndio kichwa yako. Pombe ilikuwa freni. Sindano yangu ni freni nyingine, ninayoiachilia kidogo kidogo." Kisha akamtazama Yaya. "Baganga balichukua muaka na muaka juu ya kuacha kamba. Ninyi mulianza nayo."

Yaya akainamisha kichwa. Nikamuuliza Tata Kaumba ni nani aliyemwita.

"Ule mulimufukuza," akasema. "Alikuya na miguu, mizigo yake yote ku kichwa. Aliniambia: mutoto wangu ameacha lutuku siku tatu, anaona badudu, kimbia. Hakusema neno juu yake mwenyewe. Akaenda ku gare ya treni."

Nilijifunika shuka, mwanangu. Nilikuwa mwanaume mzima, nikajifunika shuka.

Wiki mbili baadaye nilipanda treni kwenda Mutshatsha, kwa mdogo wake aliyelima huko. Nikamkuta anajaza makaa kwenye magunia, mweusi mpaka nyusi. Nikapiga magoti kwenye vumbi la makaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yeye akaniwahi.

"Umekonda," akasema. "Ulikula?"

"Mama, turudie nyumba."

"Apana, mutoto wangu. Nikirudia, muke ya Yaya yako atafunika sahani kila nikipita. Mi niko muzee wa kuona bintu bile? Kaa, ukule."

Akanipikia bukari, yaani ugali, na matembele. Tulikula sahani moja, mkono wake na wangu. Hakurudi Kolwezi. Alikaa Mutshatsha miaka sita, akafa huko, nami nilikuwa nakwenda kila nilipopata ruhusa. Yaya Mutombo alikuja mazishini, akalia kuliko wote, lakini neno la kuomba msamaha hakuwahi kumwambia mama yule akiwa hai. Tshibanda sikumuona. Nilisikia aliendelea kuombea watu.

Basi, mwanangu, nikuambie wazi. Ukiwa na mtu aliyekunywa kwa miaka, usimfungie chumbani aache kwa siku moja, na wewe mwenyewe ukiwa hivyo usiape kishujaa. Nenda hospitali kabla hujaacha, sema ukweli wa glasi zako zote. Mikono ikitetemeka, jasho likitoka, akianza kuona wadudu, mbio kwa daktari. Huo ni ugonjwa na unaua. Omba Mungu ukipenda, lakini ombea njiani. Usimnyime maji. Usimfunge kama mbuzi. Na mgonjwa anayewaka homa usimuulize jina la mtu hata kidogo, na akilitaja, lizike moyoni mwako.

Mungu akupe ndugu wenye masikio mazuri siku utakayosema usichokijua. Akupe mtu wa kukimbia kwa ajili yako, na akuwahishe kumshukuru akiwa bado nyumbani kwako. Kaa salama, mwanangu.