Mkono wa Zamani na Breki ya Sahani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya baiskeli pale Somanda, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kipande cha waya wa breki, akaniambia niupake grisi na kuuvuta ndani ya ganda lake mpaka adhuhuri. "Waya ukikukataa, baiskeli nzima itakukataa," alisema. Moyoni nilimtukana. Leo namwombea heri.

Baadaye alinipeleka Sapiwi kusimamia karakana ndogo, nikahudumia baiskeli za kubebea pamba na maziwa. Alipostaafu, nilirudi Somanda kushika nafasi yake. Miaka yote hiyo breki zilikuwa za raba inayobana rimu, nami nilijiona nimehitimu.

Ndipo akaja Nkwimba, binti wa Sapiwi anayeshindana mbio za baiskeli. Alikuwa amefunga foku ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu, yenye breki ya sahani, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikibanwa na pedi mbili ndani ya kibanio kiitwacho kalipa. Usukani ulibaki uleule wa kupinda, na mikono ya breki ya zamani, ile inayobanwa kwa vidole. Mashindano yalikuwa wiki mbili mbele, na mama yake alishaapa kwamba akianguka tena, baiskeli inauzwa.

Mkono wa breki ulikuwa mlegevu, nikakaza waya mpaka pedi zikakaribia sahani. Gurudumu likiwa hewani, lilisimama vizuri. "Nenda, binti, hiyo ni kazi ya Masanja," nikajisifu. Ulimi huponza kichwa.

Kesho yake alirudi akiisukuma, anachechemea, goti limechubuka.

"Shikamoo, baba. Mkono unafika kwenye usukani, ndiyo kwanza breki inaanza kufikiria. Nimeingia kwenye ng'ombe."

"Marahaba. Mama anajua?"

"Nimemwambia nimejikwaa. Usiniangushe tena, baba."

Nilijisikia vibaya sana. Niliipeleka baiskeli kwa Fundi Mkuu, mzee ambaye hakuwahi kugusa breki ya sahani maishani. Alitia alama ya kalamu kwenye waya, akabana mkono, akapima kwa rula. Kisha akapima ile ya mjukuu wake, baiskeli ya milimani yenye kalipa kama hiyo. Waya wake ulivutwa urefu wa karibu mara mbili ya ule wa Nkwimba.

"Masanja, umefunga ng'ombe na punda jembe moja. Kalipa hii inataka waya mwingi, mkono huu unatoa kidogo. Kukaza ni kuficha ugonjwa."

"Nibadilishe mikono?"

"Ya milimani haitakaa kwenye usukani huu. Tafuta kalipa inayoridhika na mvuto mfupi wa waya. Na ukishafunga, panda wewe kwanza, na mzigo."

Niliipata Mwanza kwenye mitumba, siku ya tatu ya kutafuta. Nikafunga gunia la pamba nyuma, nikashuka mteremko, mzee mzima, watu wakinicheka. Nikabana. Ikasimama. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, mke wangu anisamehe.

Nkwimba alimaliza wa tano, mzima, na baiskeli haikuuzwa. "Wabeja, baba," alinishukuru kwa Kisukuma.

Sasa magoti yamenistaafisha. Namshukuru Fundi Mkuu, aliyenifundisha kazi mara mbili, ya pili nikiwa na mvi. Lakini Nkwimba namshukuru zaidi. Kati ya kwao na kwangu kulikuwa na mafundi watatu barabarani. Siku ile aliyoanguka, na goti lake lile, aliwapita wote akaja kwangu mimi niliyemwangusha.