Watu Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili hapa Garissa, nilijua kuhesabu hadi mia na nilijiona profesa. Nilihesabu kunguru, mitungi, hata nzi waliokufa ndani ya chai ya wageni. Kitu kimoja tu sikuruhusiwa kuhesabu, nacho ni chochote chenye roho na mwenyewe. Mbuzi wetu hawakuhesabiwa. Ngamia hawakuhesabiwa. Na binadamu, astaghfirullah, hata usiwaze. Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, alisema ukihesabu watu kifo kinasikia. Kinakuja kukagua hesabu yako, na hakiondoki mikono mitupu.

Leo nina digrii ya hisabati. Second class upper, kama kuna anayejali. Imelala ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro la hooyo, mama yangu, na barua za "we regret" nimezizoea kama chapati za asubuhi. Kwa hiyo nisikuone ukicheka imani za bibi yangu. Mimi niliambiwa soma utapata kazi, nikaamini. Kati yangu na yeye, nani aliyedanganywa zaidi?

Safari ninayoikumbuka ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino. Shangazi Sahra, dada mdogo wa baba, alikuwa anaolewa karibu na Moyale, na kwa desturi yetu bibi harusi anakwenda na nyumba yake. Wanawake wa ukoo walikuwa wamesuka mikeka miezi mingi, wamekunja fito, wamefunga kila kitu. Nyumba nzima ikapakiwa juu ya lori, nasi tukapanda juu ya nyumba. Siku nne za vumbi, kutoka Tana hadi milimani.

Tulikuwa hatujavuka hata kizuizi cha kwanza, nikanyoosha kidole: "Moja, mbili, tatu..."

Ayeeyo alikidaka kile kidole na kukikunja nyuma hadi nikalia. Kisha kofi.

"Naa, Hodan! Umeanza uchawi safarini?"

"Nahesabu tu, ayeeyo."

"Hesabu mawe. Jangwa lote hili limejaa mawe, hujayaona?"

Watu wakacheka. Aliyenifuta machozi ni Adeer Nuur, ami yangu, mwana wa pili wa Ayeeyo na kaka yake Sahra. Adeer Nuur alikuwa hasikii. Homa ya utotoni ilimziba masikio yote mawili, akawa anasoma midomo na kuzungumza kwa mikono. Jina langu kwake lilikuwa kugonga jino la mbele mara mbili, kwa sababu langu lilikuwa limeng'oka. Aligonga jino, akaninyooshea tende. Mambo yakaisha.

Ila mtoto aliyekatazwa kitu hujifunza kukifanya bila kuonekana. Nikagundua naweza kuhesabu kwa ulimi, nikigusa meno mdomo ukiwa umefungwa. Tulikuwa ishirini na sita pamoja na dereva.

Siku ya tatu, ng'ambo ya Wajir, askari kwenye kizuizi alituhesabu kwa sauti, akigonga ubavu wa lori kwa rungu kwa kila kichwa. Ayeeyo alisimama juu ya mikeka, mkono kiunoni, akamvamia kwa Kiswahili chake.

"Wee bolisi! Wacha hiyo. Watu si gunia."

"Shosho, hii ni kazi."

"Kazi gani ya kuita kifo?"

"Kifo kiko busy Nairobi, shosho. Huku ni mbali, hakina nauli." Akamaliza: "Ishirini na sita. Nendeni."

Vijana walicheka. Ayeeyo hakucheka. Alivuta shela usoni, na kwa saa nzima midomo yake haikuacha kusoma dua. Miaka mingi baadaye ndipo baba aliponiambia kwamba Ayeeyo aliwahi kuona wanaume wakikalishwa juani na wenye bunduki, wakahesabiwa mmoja mmoja, na mumewe alikuwa ndani ya ile hesabu. Hakurudi. Sasa niambie wewe msomi mwenzangu, hiyo utaiita ushirikina?

Siku ya nne tulifika chini ya vilima vya Buna. Adhuhuri, jua kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Dereva Bile alisimamisha lori penye migunga michache, tukashuka kusali. Adeer Nuur alipenda kusali peke yake, mbali, kwa sababu midomo ya watu ilimvuruga. Nilimwona akizunguka nyuma ya mwamba na kibuyu chake kidogo cha kutawadhia. Asubuhi ile kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi, na Bile alikuwa amemwahidi kiti ndani, karibu naye, baada ya swala.

Bile alipiga honi mara tatu. Waliosikia walipanda.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa letu sisi, si la mtu mwingine duniani. Watu wa basi la Nairobi wangehesabiwa na kondakta. Sisi mchungaji wetu hahesabu mifugo. Anatupa jicho mara moja na kujua ni nani hayupo, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake. Ni elimu kubwa, nami siidharau. Lakini inataka kundi zima liwe mbele ya macho. Waliokaa juu walijua Nuur yuko ndani kwa dereva. Bile alijua Nuur ameghairi, yuko juu kwenye mikeka. Ayeeyo alitupa jicho lake, na jicho likapita palipokuwa pa mwanawe likiamini yuko kwenye kiti kizuri.

Baada ya mwendo wa kama saa moja tulifika mwinuko mkali wa mawe. Lori lilikataa kupanda na watu. "Shukeni wote!" Bile akapaza sauti. Hata wa ndani walishuka. Wanaume wakasukuma, wanawake wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, macho yote yakiwa kwenye lori, na mimi, nikiwa pembeni sina kazi, nikahesabu kwa ulimi.

Ishirini na tano.

Nikarudia. Ishirini na tano. Nikajihesabu mimi kwanza, nikamhesabu Bile mwisho. Ishirini na tano. Kisha nikatafuta uso, na nikajua ni uso gani.

Nilikuwa na miaka minane na kidole bado kiliuma. Kusema "Adeer Nuur hayupo" kungeleta swali moja: umejuaje? Nilimwangalia Ayeeyo akisukuma jiwe kwa mguu, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia mkubwa fulani ataona sasa hivi. Wakubwa si ndio wanaona kila kitu? Lori likapanda. Tukapanda nalo.

Jua lilipoanza kulegea tulisimama kunywa chai. Ayeeyo alijaza kikombe, akaweka sukari nyingi kama Nuur alivyopenda, akakipeleka dirishani kwa dereva.

"Mpe Nuur."

Bile alimwangalia kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Nuur si yuko juu nanyi?"

Kikombe hakikuanguka. Watu husimulia kwamba vikombe huanguka. Ayeeyo alikiweka chini taratibu, kisha akaanza kukimbia kuelekea tulikotoka, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, viatu mkononi, hadi wanaume wakamshika.

Bile aligeuza lori hapohapo. Hatukufika mbali, springi ya nyuma ikakatika. Walifunga kamba na magogo, wakakesha, wakaanza kushuka kulipokucha, mwendo wa kobe. Tulimkuta kabla ya adhuhuri, kwenye ule mwinuko wa mawe. Alikuwa amefuata alama za matairi, jangwa lote lile na kilima kile, bila maji ila ya kutawadhia, na kibuyu kilikuwa kikavu. Alilala ubavu mahali hasa nilipokuwa nimesimama nikihesabu. Nyayo zake zilikuwa zimechanika. Kiganja kimoja kilikuwa juu ya ardhi, kimefunguka. Alizoea kuweka kiganja chini kusikiliza gari likija.

Tulimzika pale. Sahra alifika kwa mumewe bila vigelegele, na wanawake wakaisimamisha nyumba yake.

"Ni yule askari," Ayeeyo alisema kaburini. "Alituhesabu." Watu wote waliitikia, naam, ni yule askari. Na mimi nikaitikia. Alimlaani hadi siku aliyokufa yeye mwenyewe, kila baada ya swala, mtu ambaye labda hakukumbuka hata lori letu. Nilimwachia askari maiti yangu, naye hajui kuwa amembeba.

Kazi pekee ya digrii yangu niliyowahi kupata ilidumu siku chache: karani wa sensa. Nikatumwa Ijara, hadi Sangailu. Mama mmoja alinikaribisha maziwa, nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Wapo," akasema.

"Wangapi, habaryar?" nikauliza, nikimwita mama mdogo kwa heshima.

"Wa Mungu."

Msimamizi wangu, kijana wa mjini, akaguna nyuma yangu. "Mwambie ni lazima, bana. Tuko late."

Niliweka kalamu chini. "Basi usiniambie wangapi," nikamwambia mama. "Niambie majina yao."

Uso wake ukafunguka. Akayataja polepole, kila jina na anakolala, nani yuko na ngamia, nani ana kikohozi, hadi akafika mwisho bila namba hata moja kutoka kinywani mwake. Niliandika.

Hakuna aliyetukataza majina. Pale chini ya migunga mtu yeyote angeweza kuyaita, hata Ayeeyo mwenyewe. Adeer Nuur hangeitika, najua. Asiyeitika hutafutwa.