Tundu la Mbwa Wetu

Mbwa wetu hakunenepa kwa ulafi. Alinenepeshwa na vita, kisha Ramadhani ikamalizia.

Kabla ya hapo alikuwa mwembamba hata kivuli chake kilimzidi uzito. Alitoka na mbuzi alfajiri, akarudi jua likizama, na bweha wote wa Garissa walimwamkia kwa heshima. Kisha, kwa kuogopa shifta, waasi wa vita hivyo, serikali ikaamuru mifugo isitoke nje ya mji, na kafyu juu yake. Mbuzi wakafungiwa zizini, naye akalala kando yao kama mlinzi aliyepewa likizo kwa nguvu.

Zizi lilikuwa na ua wa miiba, na chini ya ua tuliacha tundu moja: dogo kwa fisi, la kumtosha yeye tu awatokee bweha ghafla. Mizani nyingine ya mbwa hatukuwa nayo.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mfungo, bweha alinyakua mwanambuzi aliyefungwa nje kivulini. Mbwa akachomoka. Kichwa kikapita, kifua kikapita, tumbo likakataa. Akanasa hapo akibweka, na bweha akaondoka kwa mwendo wa bwana harusi.

Hooyo, mama yangu, alishika kiuno. "Warya! Huyu ni mbwa au gunia la sukari? Idd ikifika hajapita hapo, anakwenda kwa mwenye ngamia ng'ambo ya mto."

"Hooyo, tupanue tundu kidogo."

"Nimpanulie fisi? Mpunguze mwenyewe!"

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini usiku ule sikulala. Mbwa yule, kabla kafyu haijafunga madarasa yetu ya ngumbaru, alikuwa akinusa chaki mikononi mwangu nikiwa bado maili tatu, akaja kunipokea.

Magharibi iliyofuata, tende mdomoni, nikachungulia. Lo! Nyumba tisa zinazotuzunguka, milango tisa ikafunguka. Huku ini likaruka hadi zizini, huku mkate wa anjera, huku mkia wa kondoo mzima. Kwa kuwa mbwa ni najisi, hakuna aliyesogea. Kila mama alirusha akiwa mlangoni, akarudi ndani upesi, akiamini ni yeye peke yake anayemhurumia.

Nikamwendea shangazi, jirani wa karibu. "Eedo, tafadhali, msimpe tena."

"Wee! Ramadhani yote hii uninyime thawabu? Umekuwa karani wa malaika?"

"Eedo, yule wa kwenye mawaidha, aliyesamehewa dhambi kwa ajili ya mbwa. Alimpa nini?"

"Maji."

"Na nyama je?"

"Maji," akasema tena, polepole.

Habari ya shangazi haihitaji redio. Kesho yake magharibi yakaja makopo tisa ya maji. Mbwa akanitazama kama msaliti. Chakula chake kikawa konzi moja ya makombo, kutoka kwangu tu, na kila asubuhi tulilizunguka zizi, mimi mbele na mfungo wangu, yeye nyuma na ulimi wake. Mizunguko ile ukiinyoosha inafika Mandera na kurudi.

Siku ya Idd, baada ya swala, Hooyo alisukuma mfupa wenye nyama kwa fimbo hadi nje ya tundu, akarudi nyuma. Kichwa kikapita. Kifua. Tumbo likasita. Kisha, pwaa! Yuko nje na mfupa mdomoni.

"Manyoya yamebaki kwenye miiba," Hooyo akasema.

"Manyoya si mwili, Hooyo."

Akacheka hadi shashi ya kichwani ikamwanguka. "Haya, abaki. Lakini mfupa ni huo mmoja."

Mara sauti ya shangazi ikatoka mlangoni kwake: "Amepita? Alhamdulillahi! Leo hakuna tena mambo ya maji!" Na sinia ya nyama mkononi, tayari kurusha.

Nilikimbia nikaipokea sinia, nikaila yote nimesimama pale pale. Nimeendelea hivyo miaka mingi. Mbwa alipita tundu lile mpaka uzeeni. Mimi silipiti.